Kumtafutia Mzee Kyalo Kahawa Yake

Madam Mwende ameweka simu juu ya meza, ameibonyeza, ameniambia kama mtu anaongea na nyanya yake, "Susu, ongea tu kawaida, sisi tutaandika." Sauti ya Madam mnaijua, inatoka kwa pua kidogo, kama mtu amebanwa kidole na mlango ya gari na hataki watu wajue. Sasa naongea. Mkisikia nimenyamaza msifikirie nimekufa, nakunywa.

Hii ni ya nyinyi wa kaunta na wa jikoni. Juzi mmenipikia keki ya kuniaga, mkaandika maneno juu yake, na mimi kusoma sijui, kwa hivyo nilikula maneno yote na sijui nimekula nini. Asanteni. Mambo ya mshahara sitaongea. Hata wakati nilikuwa napewa sikuongea, nilikuwa nafunga kwa leso naenda. Nani alipandishwa cheo na nani aliteremshwa, mtaulizana wenyewe. Mimi nitawaambia vile unajua huyu mtu umpikie kahawa na chombo gani, na yule na gani, kwa sababu hiyo ndio kazi nilifanya mpaka magoti yakakataa.

Shule sikuenda. Baba yetu alikuwa na watoto na mbuzi, na hao mbuzi hawangejichunga. Huko nyuma ya mbuzi ndio nilianza kuiga. Nilianza na mbuzi wenyewe, nikaenda kwa katekista, nikaenda kwa mama mkwe wangu, na hapo kwa mama mkwe ningeacha ningeishi vizuri zaidi. Lakini mdomo yangu ikisikia sauti ya mtu inataka kuivaa, kama mtu anajaribu nguo ya mitumba pale Tala hata kama hana nia ya kununua.

Kazi ya kwanza nilipata kwa kiwanda ya kuosha kahawa, huko upande ya Matungulu. Niliandikwa kupikia wafanyakazi chai. Siku yenyewe ya kwanza, sijajua hata mlango ya stoo inafunguka upande gani, wakaja wageni wa kununua kahawa, na karani akaingia jikoni anatembea na haraka, suruali yake inalia fwish fwish, akasema, "Wewe mama, wapikie wageni kahawa. Kahawa yetu."

Sasa nyinyi mnacheka lakini mnisikize. Mimi nimezaliwa kwa kahawa. Nimeichuna, nimeibeba na kyondo kwa kichwa, kucha zangu zimekuwa nyekundu msimu mzima. Lakini hakuna siku mtu amenionyesha ati hii kitu inanywewa namna gani. Kwetu ilikuwa chai. Mtu akitaka kahawa sana, ananunua ile ya unga ya kopo kwa duka, na kahawa yenyewe iko hapo nje inamwangalia. Basi nikaenda pale kwa meza za kuanikia, nikachota mikono miwili, na ganda lake, haijakaangwa, haijasagwa. Nikaitia kwa sufuria na maziwa, sukari na tangawizi. Nikachemsha mpaka nikaona imechoka. Nikachuja nikapelekea wageni na kichwa iko juu.

Walikunywa. Walikunywa vile mtu anakula kwa wakwe. Mmoja mrefu akasema, "Mmm. Mmm-hm," akaangalia mwenzake, na mwenzake akaangalia dirisha.

Aliyecheka ni Musau. Musau alikuwa mtu wa kuonja kahawa hapo kiwandani, mwembamba, amevaa koti nyeupe ya daktari na hakuwa daktari. Alishika nguzo akacheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu akanipeleka kwa chumba yake. Alikuwa na vikombe vimepangwa, na kijiko, na debe ya kutemea. Akachota kahawa na kijiko, akaivuta, ssssrrrp, kama ng'ombe anatoa mguu kwa matope, akaizungusha mdomoni, akatema. Mimi nikatoka hapo mbio nikaenda kuwaonyesha wanawake wa kuchagua kahawa vile anafanya. Nikavuta hewa, ssssrrrp, nikatema kando, wanawake wakaanguka. Kumbe yuko nyuma yangu.

Nikajua kazi imeisha siku hiyo hiyo. Lakini Musau akasema, na sauti yake ya kanisa, "Tena. Na uvute na nguvu zaidi, haijafika nyuma ya ulimi."

Huyo ndio mwalimu wangu. Tangu siku hiyo kila nikimaliza chai ya wafanyakazi naenda kuvuta na yeye. Alichukua kahawa moja, ya shamba moja, akapika na sufuria, akapika na kitambaa, akapika na birika ya kusukuma, akaniambia nionje nimwambie ni mashamba ngapi. Nikamwambia ni tofauti zote. Akafurahi kama mtu ameshinda kesi. "Ni moja," akasema. "Kahawa ni ile ile, nyumba ndio tofauti. Wewe mwenyewe uko hivyo. Ukiwa kwa mama mkwe unaongea namna moja, ukiwa na mbuzi namna nyingine." Nikamuuliza nani alimwambia mambo ya mama mkwe. Akasema kiwanda yote inajua.

Baadaye watu walianza kung'oa kahawa wapande mahindi, wengine wakauza mashamba, na kiwanda ikapunguza watu. Musau akaenda kwao Katangi. Mimi nikaingia mjini Machakos, nikapatana na Madam Mwende akifungua hii mahali yetu ya kuuza kahawa. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi na maboksi, na mimi niliyafungua nikifikiria ni vyombo vya hospitali.

Sasa nisikize, hapa ndio kazi. Ile birika ya kusukuma, kahawa yake isagwe nene, kama mchanga ya mto. Maji ikishachemka iache itulie kwanza. Mwaga, koroga kidogo, funika, halafu enda ukate kitunguu moja vizuri bila haraka. Ukimaliza kitunguu, sukuma pole pole. Hiyo kahawa inatoka nzito, iko na mafuta yake, na chini inaacha matope kidogo. Ni ya mtu anapenda uji, mtu wa supu ya mifupa, mtu anataka kuhisi ameingiza kitu. Usimpatie mtu anapanguza kijiko na tishu kabla ya kukula.

Ile ya karatasi ni ya huyo wa tishu. Karatasi uioshe na maji moto kwanza, ukisahau kahawa itakuwa na ladha ya kitabu ya mtoto. Sagia katikati, kama sukari. Mwaga maji kidogo, ngoja kahawa ifure ishushe pumzi, ndio umwage ingine pole pole ukizunguka. Inatoka safi, nyepesi, unasikia ile uchachu ya matunda. Kitambaa inafanya karibu hivyo hivyo, lakini mkiiosha na sabuni nitajua hata nikiwa nyumbani.

Ile birika ya ghorofa, ile maji inapanda kutoka chini, ni ya wenye haraka na wenye usingizi. Sagia laini, moto iwe ndogo, na ikianza kukoroma itoe. Nayo mashine kubwa ya kupiga kelele, hiyo ni ya mtu anataka kikombe kidogo na maneno mengi. Kijana wa Syokimau akiingia na "niaje susu, nipee kitu itaniamsha, nimekesha," huyo unampeleka mashine moja kwa moja. Hataki kuonja. Anataka kupigwa.

Na sufuria msiidharau. Chemsha maji, toa kwa moto, tia kahawa, koroga, funika. Halafu nyunyiza maji baridi kidogo juu, unga utashuka chini. Mwaga pole pole. Hiyo ni ya mtu hana kitu na anataka kahawa nzuri.

Mnaniuliza kila siku, "Susu, unajuaje bila kumuuliza?" Kumuuliza haisaidii. Ukimuuliza mtu anapenda kahawa gani anakuambia ile alisikia watu wa maana wanapenda. Mimi nafanya hivi: nachukua oda, naingia jikoni, naongea na sauti yake. Mdomo yangu ikikaa vile yake inakaa, najua. Mtu anaongea na meno imefungwa, hapendi kitu chungu, anaikinga. Mtu anaongea na mdomo yote wazi kama kanga wa kuuza sokoni, huyo mpatie nzito.

Imeniletea shida, ndio. Kuna pasta alikuwa anakuja Jumatatu, siku yake ya kupumzika. "Bwana asifiwe, mama. Naomba kahawa isiyo na... ukali. Kahawa ya... upole." Kila neno anaiweka chini kama yai. Nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya masufuria, nikahubiri. Nimefika kwa "kahawa ya... upole" nikasikia kwa kidirisha cha chakula mtu amesema, "Amina." Alikuwa amesimama hapo anangoja kijiko. Nilimpatia ya karatasi, na akaendelea kuja. Lakini tangu hapo alikuwa anaagiza akiwa ameketi.

Hizo ni rahisi. Sasa niwaambie ya Mzee Kyalo, ile ilinishinda mpaka nikakonda.

Ndunge mnamjua, alikuwa hapa kaunta kabla yenu. Mzee Kyalo ni baba yake, wako huko Matungulu, mwendo kidogo kutoka Tala. Wako na kahawa ya zamani pale chini ya nyumba mpaka kwa mto. Mama yake Ndunge ndiye alikuwa anaipogoa na kuichuna, na alipoaga dunia, Ndunge akawa anatoka hapa Jumamosi jioni anaenda kushinda ndani ya hiyo miti Jumapili yote. Sasa mzee akapata broka wa ardhi. Akapatana na yeye kahawa ing'olewe, shamba ikatwe ploti. Watu wa kupima walikuwa karibu kuja.

Ndunge akaenda kumwomba. Akamwambia, "Asa, baba yangu, niachie mimi hiyo miti. Nitaitunza, nitaacha kazi ya mjini."

Mzee Kyalo ni mtu wa kesi. Alikuwa anakaa na wazee wa mipaka, anapenda neno lisimame kwa miguu yake. Na sauti yake, ngojeni niitafute, iko chini hapa kwa kifua: "Ndunge. Nimelima hiyo kitu tangu nioe mama yako. Sijaona siku moja mtu wa hii nyumba ameinywa. Kitu mwenyewe hawezi kuweka mdomoni, unaniambia ni mali? Haya. Mniletee kikombe moja. Nikimaliza, miti inabaki na ni yako. Nikishindwa, watu wa kupima waje, na usilie hapa kwangu."

Ndunge akarudi kazini macho imefura. Akaniambia, "Susu, ni kikombe moja tu." Nikacheka. Nikamwambia, "Kikombe moja tu? Mimi nimefanya wakwe wa Madam wakunywe kahawa na wakatulia. Huyo mzee amekwisha."

Sasa nilianza vile naanzaga. Nikauliza anakula nini. Ndunge akasema, uji ya wimbi ile imechacha siku mbili, muthokoi ya mahindi, maziwa ya kibuyu. Nikamwambia hiyo ni rahisi kabisa, huyo mtu anapenda uzito na uchachu. Ndunge alikuwa ametoa mbuni kidogo, ile kahawa ya kukaukia ndani ya ganda, kwa miti yao wenyewe, ametwanga maganda na kinu, na tukaikaanga hapa mjini. Jumapili tukaenda na birika ya kusukuma imefungwa kwa leso kama mtoto.

Mzee alitukaribisha vizuri. Tuliamkuana, tukaulizana mambo ya mvua na ng'ombe, na mimi nikasukuma birika yangu, nikamimina, moshi ikapanda, harufu ikajaa nyumba. Yeye akachukua kikombe, akaileta mdomoni, akageuza shingo akaangalia mlango. Akaonja kidogo. Akaiweka chini.

"Iko na mchanga," akasema.

"Si mchanga, mzee, ni kahawa yenyewe."

"Kwa hivyo naambiwa nikule mchanga nisiite mchanga."

Tukarudi. Nikasema sawa, ni mtu wa usafi, amejificha nyuma ya uji. Jumapili ya pili tukaenda na karatasi. Nikaiosha, nikamwaga nikizunguka, kahawa ikatoka nyekundu kama chai ya harusi. Musau angeiona angelia. Mzee akaishika. Akaweka kofia yake juu ya kikombe kama mtu anafunika kifaranga. Akaangalia dirisha, ile ya upande ya barabara. Akainua kofia kidogo, akaonja, akarudisha kofia.

"Hii ni maji ya kuosha miguu," akasema. "Tena miguu ya mtu hajatembea mbali."

Ndunge akatoka nje. Nilimwona kupitia mlango akienda kusimama kwa mti ya kwanza, anavunja vimatawi vilivyokauka, vile mama yake alikuwa anafanya, anavunja kimoja, kingine. Na wale watu wa kupima walikuwa wanakuja wiki ile ingine. Mzee alimwona pia. Aliangalia mikono ya Ndunge.

Hiyo Jumatatu hapa jikoni wasichana wakaniuliza mzee alisema nini. Kwa kawaida yangu nikavaa sauti yake, nikachukua kikombe, nikaweka kofia ya mpishi juu, nikasema, "Hii ni maji ya kuosha miguu." Wakacheka. Nikarudia tena vizuri zaidi, na shingo nikaigeuza kwa dirisha vile aliigeuza, na hapo nikasimama. Mdomo yangu haikuwa na kazi yoyote. Haikuwa inakataa uchungu, haikuwa inakataa uchachu, ilikuwa imekaa tu kama mlango ya nyumba ya watu wameenda sokoni. Ile ilikuwa inafanya kazi ni shingo. Shingo na pua. Huyu mtu hakuwa ameonja kahawa yangu hata siku moja. Alikuwa anaangalia barabara.

Nikaenda kwa Ndunge pale kaunta. "Baba yako anaogopa nani?"

"Baba? Haogopi mtu. Alifukuza chui na jembe."

"Kuna mtu anapita hiyo barabara anamwogopa."

Akaanza kukataa, halafu akaweka glasi chini. Ndio akaniambia. Babu yake, baba ya Mzee Kyalo, alikuwa mtu wa kwanza kwa hiyo kijiji kukaanga kahawa yake kwa nyumba. Siku hizo hukuruhusiwa. Ulikuwa unalima, unapeleka kiwandani, na ukipatikana nayo kwa nyumba umeshikwa, hata iwe konzi moja. Harufu ndio ilimchoma. Askari wa kahawa walikuwa wanapita barabarani, wakaisikia, wakafuata pua mpaka jikoni, wakamfunga mikono wakaenda na yeye. Kyalo alikuwa mtoto, amekaa hapo karibu na kikaango anangoja aonje. Babu alirudi baadaye, lakini Ndunge alisema, "Mama aliniambia babu hakuwahi tena kukaa nje ya nyumba akiangalia barabara. Na kwetu kahawa haikuwahi kuingia ndani."

Hapo nikakaa chini. Nilikuwa nimemfanyia huyu mzee kitu mbaya kabisa mara mbili, nimejaza nyumba yake harufu ile ile, halafu namuuliza kama ni tamu.

Madam Mwende alikuwa anasikiliza. Akasema kwa ile pua yake, "Susu, si upeleke ya baridi?"

Sasa, hiyo sijawaambia kwa sababu nilikuwa naicheka tangu Madam ailete. Kahawa imesagwa nene, inatiwa kwa maji baridi, inafunikwa, inalala usiku mzima, asubuhi unachuja na kitambaa. Haioni moto. Mimi niliiita kahawa ya kuoga kwa mto. Lakini haina moshi, na harufu yake, mpaka uweke pua ndani ya kikombe ndio uisikie. Haina uchungu mwingi, na iko na utamu yake ya polepole. Madam alikuwa ameniambia mara nyingi ni ya watu wanaogopa kahawa. Mimi nilifikiria anaongea juu ya tumbo.

Jumapili ya tatu tukabeba kwa chupa ya maji. Sikuleta birika, sikuleta jiko. Nilimwomba mzee kikombe yake mwenyewe, ile ya bati ya kunywea maji, nikamimina.

Akaangalia ndani. "Moshi iko wapi?"

"Haina. Mtu akipita hapo barabarani ataona mzee anakunywa maji ya ukwaju kwake."

Aliniangalia. Nimeangaliwa na watu wengi kwa sababu ya kuwaiga, lakini hiyo ilikuwa tofauti. "Nani amekuambia?" akasema.

"Shingo yako."

Ndunge alikuwa amesimama kwa mlango, hakai, hatoki. Mzee akachukua kikombe na mikono miwili. Akanywa kidogo. Mara hii alionja, niliona mdomo ikifanya kazi, ikizungusha, ikitafuta. Akanywa tena. Shingo haikugeuka. Akanywa mpaka kikombe ikasimama juu chini kwa uso yake, akaiweka kwa meza, akapanguza ndevu.

Ndunge alikuwa ameanza kushukuru. Mzee akainua mkono.

"Hii haihesabiki," akasema.

Mimi nikasema, "Mzee, umemaliza."

"Nimemaliza. Lakini mimi nilisema kahawa, na hii haijapikwa. Ni maji imelala karibu na kahawa. Nikikubali hiyo, kesho mtu atanipatia mahindi mbichi aniambie ni ugali."

Nikaona uso ya Ndunge ikianguka. Nilitaka kumpiga huyo mzee na hiyo chupa, nawaambia ukweli. Lakini akasimama. Akaingia chumba, akatoka amevaa koti ya kanisa na kofia. Akamwambia, "Ile mbuni umetwanga ukaficha chini ya kitanda ya mama yako. Leta. Na ulete kikaango."

"Asa, tukaangie jikoni?"

"Nje."

Jiko ikawekwa mbele ya nyumba, mahali barabara yote inaona. Alikataa tumsaidie. Alikaa kwa kiti, anakoroga na mwiko, na kahawa ikaanza kulia, pa, pa, pa, na moshi ikainuka ikapita juu ya miti ikaenda mpaka ng'ambo ya mto. Jasho ilikuwa inamtoka na haikuwa ya moto. Wanawake wa kwaya wakapita wakasimama wakamwamkia, "Wakya ata, mzee? Ni nini hiyo nzuri?" na yeye alikuwa anaangalia mbele tu. Mimi nilitwanga kwa kinu, nikapika na sufuria vile nimewaambia, nikanyunyizia maji baridi. Nikammiminia. Ilikuwa moto, ina moshi. Akaishika, hakunywa. Alikuwa anangoja.

Na kweli pikipiki ikaja. Alikuwa asistanti wa chifu, amevaa ile shati yake ya kazi na vifungo vya kung'aa. Alikuwa amekuja kwa mambo ya ploti, wale wa kupima walikuwa wametaka awaonyeshe mipaka. Lakini Mzee Kyalo aliona shati tu. Akasimama. Akaweka kikombe chini, akatoa kofia, akanyoosha mikono yote miwili mbele, imekaribiana, na ile sauti ya kifua akasema:

"Ni mimi. Hawa wanawake hawako ndani ya hii maneno."

Asistanti ni kijana, angekuwa mjukuu wake. Aliangalia hiyo mikono, akaniangalia mimi, na mimi kwa mara ya kwanza maishani yangu sikuwa na sauti ya mtu yeyote. Halafu akaangalia sufuria, akavuta pua.

"Umau," akasema, vile mtu anaita babu yake, "hiyo ni kahawa ya hapa? Mimi sijawahi kuionja. Mnaweza kunipatia kidogo?"

Mzee hakuteremsha mikono haraka. Aliteremsha moja, halafu ingine. Akaketi. Akachukua kikombe yake akanywa, moto hivyo, akanywa mpaka mwisho, akaigeuza juu chini aonyeshe Ndunge kwamba imeisha. Akaniambia nimwekee mgeni.

Asistanti akapewa. Akaonja. Akaangalia kwa meza huku na huku. "Umau, hakuna sukari?"

"Hii yetu haiwekwi sukari," akasema Mzee Kyalo, mtu ambaye alikuwa ameanza kukunywa kahawa asubuhi hiyo hiyo. "Vuta na mdomo kwanza ifike nyuma. Na wale watu wa kupima uwaambie wasije, hii shamba iko na mwenyewe." Akamwonyesha Ndunge na kidevu.

Ndunge alichukua kikaango akaanza kuipanguza na leso yake mpya, na ilikuwa bado inachoma.